Mjuzi wa Pori: Namna ya Kubuni Fani ya Mhusika katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Utangulizi

Njia ya kufundisha kwa kuigiza si ngeni kwa mwanachuo ye yote wa ualimu. Tunaisoma, tunaiandika katika maandalio ya masomo, na wakati wa mazoezi ya kufundisha tunaijaribu. Hata hivyo, mara nyingi maigizo ya darasani huwa na upungufu ule ule. Wanafunzi watatu au wanne husimama mbele wakasema maneno waliyoyakariri, na wengine hamsini hukaa wakiwatazama. Waliosimama hawaamui lo lote, maana mwisho wa igizo umekwisha kupangwa na mwalimu. Waliokaa hawafanyi lo lote, maana hawakupewa kazi.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza aina nyingine ya igizo, yaani mchezo wa kuigiza wa mezani. Katika mchezo huu hakuna watazamaji, na mwisho haujulikani mpaka ufikiwe. Hatutaeleza mchezo wote, maana jambo hilo lingehitaji kitabu kizima. Tutashika sehemu moja tu, nayo ni namna ya kubuni fani ya mhusika ambaye kazi yake ni kulijua pori. Tumeichagua fani hii kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake inaonyesha wazi jinsi kanuni nzuri inavyojengwa na jinsi inavyoharibika. Pili, inamgusa mtoto ambaye tunamwona katika shule nyingi: mtoto aliyekwisha kuchunga ng'ombe, kuteka maji na kutafuta kuni, anayejua mengi juu ya ardhi, lakini darasani haulizwi hata swali moja juu ya hayo anayoyajua.

Shabaha ya Makala

Baada ya kusoma makala haya mwanachuo aweze:

(a) kueleza fani ya mhusika ni nini na inafanya kazi gani katika mchezo;
(b) kutofautisha kanuni inayomfanya mchezaji afikiri na kanuni inayomzuia kufikiri;
(c) kubuni fani moja kwa ajili ya darasa la tano au la sita, na kuipima kwa hesabu kabla ya kuipeleka darasani.

Mchezo Wenyewe

Mchezo wa kwanza wa aina hii uliochapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Tofauti kubwa iliyoletwa na watungaji hawa ni kwamba mchezaji hakuongoza tena jeshi zima, bali mtu mmoja mwenye jina lake, nguvu zake na udhaifu wake.

Mchezo huendeshwa kwa mazungumzo. Mtu mmoja huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali walipo wahusika na mambo wanayoyaona. Kila mmoja wa wachezaji wengine husema mhusika wake anafanya nini. Kama jambo ni rahisi, msimulizi hulikubali. Kama lina shaka, dadu hurushwa, na hesabu ya dadu huamua kama limefaulu. Kisha msimulizi hueleza matokeo, na mazungumzo huendelea.

Fani ya mhusika ni jumla ya mambo anayoweza kuyafanya vizuri kuliko wenzake, pamoja na mambo asiyoyaweza. Mwaka 1974 fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Tukumbuke kwamba fani si cheo, wala si tabia. Mpiganaji aweza kuwa mwoga au shujaa, mpole au mkali. Hilo huamua mchezaji mwenyewe. Fani humweleza jambo moja tu: wenzake watamtazama yeye wakati gani.

Historia Fupi ya Mjuzi wa Pori

Mwaka 1975 gazeti dogo la mchezo huo, The Strategic Review, lilichapisha fani mpya iliyoitwa Ranger, iliyobuniwa na Joe Fischer. Katika makala haya tutaiita mjuzi wa pori. Msomaji wa riwaya ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyotoka miaka ya 1954 na 1955, ataona mara moja jinsi fani hii inavyofanana na mhusika Aragorn, mtu wa nyikani anayefuata nyayo, anayelinda vijiji bila kujulikana, na asiye na makao.

Mwaka 1978 fani hii iliingizwa katika kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons. Kanuni zake zilikuwa na mambo matatu yanayofaa kuangaliwa na mwalimu.

La kwanza ni kufuata nyayo. Nje, mahali pa wazi, nafasi ya kufaulu ilianzia asilimia 90. Kila siku iliyopita tangu nyayo zikanyagwe ilipunguza 10, na kila saa moja ya mvua ilipunguza 25. Kwa hiyo, nyayo za siku mbili zilizonyeshewa kwa saa moja zilikuwa na nafasi ya 90 toa 20 toa 25, yaani asilimia 45. Hapa kanuni yenyewe inafundisha kwamba wakati na mvua ni adui wa mfuata nyayo. Mchezaji akiielewa, ataanza kuuliza: "Mvua ilinyesha lini?"

La pili ni wajibu. Mjuzi wa pori hakuruhusiwa kumiliki mali zaidi ya ile aliyoweza kuichukua mwenyewe pamoja na mnyama wake wa kupanda. Iliyozidi ilimpasa aitoe kwa manufaa ya watu. Tena wajuzi waliozidi watatu hawakuweza kufanya kazi pamoja.

La tatu halikuhusu pori hata kidogo. Mjuzi huyu alipewa nguvu ya ziada ya kuumiza majitu na viumbe wa jamii yao, nayo ilikua kadiri alivyopanda ngazi. Wachezaji wengi waliipenda fani kwa sababu ya nguvu hiyo. Hivyo tangu mapema kulikuwa na mvutano: je, huyu ni mjuzi wa pori, au ni mpiganaji mwingine aliyevaa nguo za kijani?

Toleo la tano la mchezo lilipotoka mwaka 2014, watungaji walijaribu kumrudisha mjuzi porini. Mchezaji alichagua aina moja ya ardhi, kwa mfano msitu, jangwa, milima, pwani au kinamasi. Akisafiri kwa muda katika ardhi aliyoichagua, ardhi ngumu haikulichelewesha kundi lake. Kundi halikuweza kupotea njia isipokuwa kwa uchawi. Akitafuta chakula alipata maradufu. Na akifuata nyayo alijua idadi kamili ya waliopita, ukubwa wao, na muda uliopita tangu wapite.

Kwa mtazamo wa kwanza zawadi hizi ni kubwa. Lakini wachezaji wengi walilalamika. Mwaka 2020 watungaji walitoa kanuni za hiari ambazo mchezaji aliweza kuzitumia badala ya hizo, na kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka 2024 kiliacha kabisa utaratibu wa kuchagua aina moja ya ardhi. Yatupasa tuulize: zawadi kubwa namna hiyo zilikosa nini?

Somo Tunalolipata

Tukizichunguza kanuni za mwaka 2014 tunaona kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba zilimtegemeza mjuzi juu ya bahati ya safari. Aliyechagua jangwa, naye msimulizi akaliongoza kundi baharini, alikuwa amebeba maarifa yasiyo na kazi. Ni sawa na kumwambia mtoto, "Wewe utakuwa mtaalamu wa hesabu za sehemu," kisha kipindi kizima kikawa cha imla.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo hutokea hasa pale ardhi ilipolingana na chaguo lake. Hapo kanuni zililifuta pori. Kundi haliwezi kupotea, basi hakuna haja ya kutazama jua wala nyota. Chakula kinapatikana, basi hakuna haja ya kuuliza matunda gani yanaliwa. Ardhi ngumu haimchelewishi mtu, basi hakuna haja ya kuamua kama tupite mlimani au tuuzunguke mlima. Msimulizi husema, "Mmefika," na siku kumi za nyikani zimekwisha kwa neno moja. Mchezaji aliyeichagua fani hii kwa kuwa alilipenda pori hupewa kama thawabu uwezo wa kutoliona pori tena.

Kanuni ya jumla ambayo mwanachuo anapaswa kuishika ni hii: ujuzi wa mhusika usiondoe tatizo, bali umwezeshe mchezaji kuliona tatizo vizuri zaidi na kulishughulikia. Mjuzi wa pori si mtu ambaye kwake pori halipo. Ni mtu ambaye kwake pori lina maneno mengi kuliko wanayoyasikia wenzake.

Kanuni hii ndiyo kanuni ya kufundisha pia. Mwalimu anayemsaidia mtoto kwa kumpa jibu amelifuta swali. Mwalimu anayemsaidia kwa kumwonyesha alama ya kuanzia amemwachia swali lake, na amemwongezea macho.

Maswali Manne ya Mbunifu

Kabla hatujaandika kanuni yo yote ya fani, tujiulize maswali manne.

1. Mhusika huyu anaona nini ambacho wengine hawakioni? Jibu lisiwe "anajua kila kitu". Liwe jambo mahsusi.

2. Anaamua nini? Kama ujuzi wake unafanya kazi wenyewe bila yeye kuchagua, mchezaji amekuwa mashine. Lazima kuwe na wakati ambapo kuutumia ni vema na wakati ambapo kuutumia ni hasara.

3. Analipa nini? Kitu kisicho na gharama hutumiwa bila kufikiri. Pori lenyewe linatupa mfano. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi na Waborana wa kaskazini mwa Kenya hufuatana na ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa mwitu. Ndege hutoa habari. Watu hufungua mzinga na kuchukua asali. Ndege hula nta. Habari ina malipo yake, na ushirikiano huo unadumu kwa sababu kila upande unapata kitu.

4. Anawahitaji wenzake kwa lipi? Fani inayojitosheleza humgeuza mchezaji mmoja kuwa mwigizaji mkuu na wengine kuwa watazamaji. Hapo tumerudi kwenye upungufu tulioutaja mwanzoni.

Mfano: Safari ya Kutafuta Chemchemi

Sasa tujenge fani moja kwa kuyajibu maswali hayo. Mchezo wetu ni wa darasa la tano. Kisima cha kijiji kimekauka mwishoni mwa kiangazi. Wajumbe watano wanatumwa kupita porini kwenda kwenye chemchemi ambayo wazee waliitaja. Wajumbe ni mjuzi wa pori, mwuguzi, fundi, mnenaji na mtunza akiba. Mwanafunzi wa sita ni msimulizi.

Vifaa: makopo mawili, vipande vya karatasi, kadi moja ya kila fani, na mchoro wa njia. Hatuhitaji dadu za dukani. Katika kila kopo tunatia vipande sita vilivyoandikwa 1 hadi 6. Mchezaji huchomoa kimoja katika kila kopo, hujumlisha, kisha huvirudisha.

Muda na maji: Vibuyu vina maji ya siku 4, na kila siku ina vipande 4 vya muda. Jumla ni vipande 16. Njia ina sehemu 5, kila sehemu hutumia vipande 2. Jumla ya mwendo ni 10. Kwa hiyo akiba ni 16 toa 10, yaani vipande 6. Kundi likipoteza zaidi ya hivyo, maji yatakwisha kabla ya kufika.

Vituo: Katika kila sehemu kuna kituo kimoja chenye shaka. Katika kila kituo kundi huchomoa karatasi mara moja. Jumla ya 8 au zaidi ni kufaulu. Chini ya 8 ni kushindwa, na kundi hupoteza muda. Vituo vitatu ni vyepesi, na kushindwa hapo hupoteza kipande 1. Vituo viwili ni vizito, na kushindwa hapo hupoteza vipande 4. Uzito wa kituo hautangazwi. Msimulizi husoma maelezo ya mahali, na wachezaji wenyewe wakisie.

Kadi ya mjuzi wa pori iandikwe hivi:

"Ukiwa kituoni waweza kusimama na kusoma ardhi. Kusoma kunatumia kipande 1 cha muda. Muulize msimulizi swali moja kati ya haya: Nani amepita hapa? Maji yako wapi? Kitu gani hapa kinaweza kutudhuru? Msimulizi atakupa dalili, hatakupa maana yake. Waeleze wenzako maana ya dalili hiyo kwa maneno yako. Maelezo yako yakilingana na dalili, kundi linaongeza 2 katika jumla ya karatasi. Mwenzako mmoja akisema tendo linalofaa kutokana na maelezo yako, kundi linaongeza 1 zaidi. Wewe mwenyewe huwezi kusema tendo hilo."

Tuangalie kituo kimoja kizito. Msimulizi anasoma: "Mko kwenye korongo la mchanga mkavu. Ng'ambo ni karibu. Mawingu meusi yako mbali, upande wa milimani." Mjuzi anaamua kusimama. Anauliza: "Kitu gani hapa kinaweza kutudhuru?" Msimulizi anajibu kwa dalili tu: "Majani makavu na vijiti vimenasa katika matawi, juu ya kichwa chako. Mchanga kwenye kingo una mistari ya unyevu." Sasa mtoto afikiri. Vijiti vilifikaje juu ya matawi? Vililetwa na maji. Basi maji hujaa hapa mpaka juu ya kichwa, na mvua inanyesha milimani. Akilisema hilo, kundi limepata 2. Fundi akisema, "Tuvuke sasa hivi, mmoja mmoja tukishika kamba, wala tusipumzike korongoni," kundi limepata 1 zaidi.

Kituo cha pili kizito chaweza kuwa nyayo za tembo: alama kubwa za mviringo, na kinyesi chenye nyuzi za magamba ya miti ambacho bado kina joto. Mjuzi ataje mnyama na aseme kwamba yu karibu. Mnenaji au mwuguzi aseme kwamba tupite upande ambao upepo unatoka kwa tembo kuja kwetu, ili wasitunuse.

Kuipima Fani kwa Hesabu

Mwanachuo asiipeleke fani darasani kabla hajaipima. Makopo mawili yana njia 36 za kuchomoa. Kati ya hizo, 15 hutoa jumla ya 8 au zaidi. Kwa hiyo kundi lisilosoma ardhi hufaulu mara 15 kati ya 36, na hushindwa mara 21. Kundi lililopata nyongeza ya 3 huhitaji jumla ya 5 tu. Njia 30 kati ya 36 hutosha, na njia 6 hushindwa.

Sasa tulinganishe hasara ya wastani. Katika kituo chepesi, asiyesoma hupoteza 21 kwa 36 ya kipande kimoja, yaani kama 0.58. Anayesoma hulipa 1 kwanza, kisha huongeza 6 kwa 36, jumla kama 1.17. Kusoma ni hasara. Katika kituo kizito, asiyesoma hupoteza 21 kwa 36 ya vipande 4, yaani kama 2.33. Anayesoma hulipa 1, na huongeza 6 kwa 36 ya vipande 4, jumla kama 1.67. Kusoma ni faida.

Kwa safari nzima, kundi lisilosoma po pote hupoteza kwa wastani kama vipande 6.42. Kundi linalosoma kila mahali hupoteza kama 6.83. Makundi yote mawili yamezidi akiba ya 6. Kundi linalosoma katika vituo vizito tu hupoteza kama 5.08, nalo lina matumaini ya kufika. Kwa hiyo kanuni zetu zinamtaka mtoto afanye jambo lile lile ambalo mjuzi wa kweli hulifanya: kutambua ni wapi pa kusimama na ni wapi pa kupita.

Tungeweka gharama ya kushindwa katika kituo kizito iwe vipande 3 badala ya 4, asiyesoma angepoteza 1.75 na anayesoma 1.5. Faida ingebaki, lakini ni ndogo mno kuonekana na mtoto. Mabadiliko madogo ya namba hubadili maana ya fani nzima. Ndiyo sababu tunasisitiza kupima.

Maarifa ya Pori Yatoke Wapi

Dalili zilizoandikwa kwenye karatasi za msimulizi lazima ziwe za kweli. Tusibuni. Chui hukanyaga bila kuonyesha kucha, lakini fisi huacha alama za kucha. Duma, ingawa ni wa jamii ya paka, naye huonyesha kucha. Mstari wa miti mibichi katikati ya nchi kavu huonyesha njia ya maji. Katika mito ya mchanga tembo huchimba mashimo ya maji, na wanyama wengine hunywa hapo.

Mahali pa kwanza pa kutafuta dalili hizi ni kijiji kinachoizunguka shule. Warina asali, wachungaji, wavuvi na akina mama wanaojua dawa za miti shamba ni maktaba. Lugha yetu nayo imehifadhi mengi. Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Methali hiyo moja yatosha kuwa dalili ya kituo kizima, maana inaunganisha nyota, majira na kilimo.

Yafaa pia kuwaagiza wanafunzi, wiki moja kabla ya somo, kila mmoja alete dalili moja aliyoiuliza nyumbani. Mwalimu azichambue, azihakikishe, na atumie zilizo bora. Hapo mtoto wa mchungaji ataona maarifa ya baba yake yakisomwa mbele ya darasa kama maarifa, si kama mambo ya kuachwa mlangoni.

Kuendesha Mchezo Darasani

Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe vikundi 10 vya watu 6. Mwalimu hawezi kuwa msimulizi wa vikundi vyote, basi awaandae wasimulizi 10 siku moja kabla. Awasomeshe vituo vitano na kuwaonya jambo moja kubwa: wasitoe maana ya dalili, hata wakiombwa. Msimulizi anayesema "kuna mafuriko" ameua somo.

Somo lichukue vipindi viwili mfululizo. Robo ya muda itumike kueleza kanuni na kuonyesha kituo kimoja ubaoni. Nusu itumike kucheza. Robo ya mwisho itumike kuzungumza. Kila kikundi kieleze mahali kiliposimama, mahali kilipopita, na sababu. Tathmini isitazame nani amefika kwenye chemchemi, kwa kuwa karatasi zaweza kumwangusha hata aliyefikiri vizuri. Itazame sababu zilizotolewa.

Mambo ya Kujihadhari

Kwanza, fani zisigawanywe kwa kufuata jinsi. Msichana anayekwenda kuteka maji kila asubuhi aweza kuijua njia kuliko mvulana ye yote.

Pili, mjuzi wa pori asiwe mtoto yule yule kila mara. Mtoto aliyezoea kunyamaza apewe fani hii mapema, lakini baadaye apewe pia kazi ya mnenaji, ili asifungiwe katika ujuzi mmoja.

Tatu, mchezo usigeuke kuwa wa kuua wanyama. Katika safari yetu mnyama ni jirani wa kuheshimiwa na kuepukwa.

Nne, mwalimu asiongeze kanuni nyingi. Kadi isiyoweza kusomwa na mtoto kwa dakika mbili ni ndefu mno.

Hitimisho

Tumeona kwamba fani ya mjuzi wa pori, tangu ilipobuniwa mwaka 1975, imevutwa pande mbili. Mara imegeuzwa kuwa fani ya vita, mara imepewa nguvu kubwa hata pori likatoweka. Fani nzuri iko katikati. Humpa mchezaji dalili na kumwachia maana. Humtoza gharama ili achague. Humfunga kwa wenzake ili asisafiri peke yake. Mwanachuo atakayeishika kanuni hii hatabuni michezo mizuri tu. Ataandaa pia maswali mazuri ya sayansi, ya hesabu na ya lugha, kwa sababu kazi ni ile ile: kumwachia mtoto pori lake, na kumfunza kulisoma.

Mazoezi kwa Wanachuo

1. Badili safari yetu iwe ya pwani, na mjuzi wa pori awe mjuzi wa bahari. Andika maswali matatu ya kadi yake na dalili mbili za kila swali.

2. Mwanachuo mmoja amependekeza kwamba kusoma ardhi kusiwe na gharama yo yote. Onyesha kwa hesabu kundi lingepoteza vipande vingapi kwa wastani likisoma katika vituo vyote vitano. Je, mjuzi angebaki na uamuzi gani?

3. Buni kadi ya mwuguzi kwa kuyajibu maswali manne ya mbunifu.

4. Nenda kwa mzee mmoja wa kijiji kilicho karibu na chuo. Muulize dalili tatu za pori zinazotangulia mvua. Ziandike kama zinavyosemwa naye, kisha ziandike kama zitakavyosomwa na msimulizi.